Kinanda cha Marehemu Baba na Shutuma ya Kanda

Nilipokuwa mtoto pale Kariakoo, majirani walimsingizia baba yangu udanganyifu. Alikuwa karani katika ofisi moja ya Posta, na jioni alipiga kinanda cha umeme alichokinunua mwaka 1986 kwa mgeni aliyekuwa akirejea Ulaya. Kando ya vibonye vyake kulikuwa na deki ya kaseti iliyojengwa humohumo. Hilo lilitosha. "Hapigi huyo, kanda ndiyo inayopiga," walisema. Nami, mwanawe, niliamini. Nikaibeba imani hiyo hadi shahada ya uzamivu, jambo lisilonipa fahari.

Mwaka jana ndugu zangu walitaka kukitupa. Hoja yao: kaseti imekufa, basi kinanda kimekufa. Nikamwita fundi redio mzee wa Gerezani.

Hakuanza kwa maelezo. Deki ikiwa bubu vilevile, alibonyeza swichi ya rumba, ngoma zikalia. Kisha akazungusha kitufe cha mwendo. Mapigo yakaenda mbio, lakini ngoma ikabaki na uzito uleule wa sauti. "Mwalimu, ingekuwa kanda, hapa ingelia kama vifaranga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Utepe wa kaseti hupita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Ukiuharakisha, sauti nayo hupanda. Mapigo ya kinanda kile hayatoki kwenye utepe wowote, huzalishwa na saketi za transista. Deki ni mpangaji tu katika nyumba hiyo: hurekodi kinachopigwa, au hucheza kanda ya mafunzo ili mwanafunzi afuatishe. Kilichokufa ni mkanda mdogo wa mpira unaoizungusha.

Niwatendee haki majirani. Uingereza walianza kutengeneza, mwaka 1963, kinanda kiitwacho Mellotron, ambacho kweli kila kibonye kina utepe wake wenye sauti iliyorekodiwa, wa sekunde kama 8. Hata hicho hakitoi wimbo bila vidole. Lugha yetu nayo haikusaidia: wazee waliita gramafoni "kinanda cha santuri", neno moja likabeba chombo kinachopigwa na chombo kinachojipigia.

Nanyi wenzangu watumishi wa umma, ni mara ngapi tumeandika "chakavu" kwenye leja ya mali kwa sababu ya kipande kimoja cha pembeni?

Fundi aliweka mpira alioutoa kwenye redio nyingine. Ndani ya kiti cha kinanda, chini ya mfuniko, tulikuta kaseti moja isiyo na jina. Tukaicheza. Baba anaanza wimbo, anakosea, anaguna, anarudia. Anakosea palepale. Kwa mbali mama anamwita chakula kinapoa. Hajibu, anarudia tena. Upande mzima wa kaseti ni mstari ule mmoja.

Ndugu zangu hawakusema kitu. Kinanda kiko sebuleni kwangu sasa. Wengi wa majirani wale wamehamia Mbagala, wengine wametangulia mbele ya haki, na sina wa kumsikilizisha.