Gari la Urembo na Gari la Kazi

Mdogo wangu hapa Lubumbashi alitamani kununua Maserati Levante, gari la Kiitalia lililoanza kuuzwa mwaka 2016. Mwaka 2024 kiwanda kikaacha kuliunda. Akaniita nilitazame. Kweli, ni zuri! Hata mimi mkatekista nililitamani.

Nikamwuliza, “Vipuri vyake utavipata wapi? Na mama akiugua kule Kasenga wakati wa mvua?”

Akanyamaza. “Kaka, sikufikiri hayo.”

Akanunua Toyota Land Cruiser la zamani, lisilo na urembo, ambalo mafundi wa mtaa wetu wanalijua.

Mwezi wa pili mama akaugua kweli. Tulimfuata usiku katika matope, tukamfikisha hospitali akiwa hai. Siku ile hatukukumbuka habari ya urembo.