Gemu ya Konda

Miaka ile, mchana nilikuwa nikisanifu kadi za harusi na vipeperushi kwenye duka la uchapaji Kariakoo. Usiku nikitengeneza gemu peke yangu. Mchezaji alikuwa konda wa daladala la Mbagala: adai nauli, arudishe chenji, asimpitishe abiria kituo chake. Michoro, sauti na programu, vyote vilikuwa juu yangu.

Dukani tuligawana kazi. Nikimaliza kuchora, faili linakwenda kwa fundi wa mashine, kisha kadi kwa mteja. Aliyealikwa kwa kadi hiyo sikumwona. Kwenye gemu hapakuwa na wa kumwachia. Kila abiria niliyemchora, ni mimi niliyepaswa kumfanya apande, aketi, atoe pesa na kushuka. Nikajizoesha kuuliza kabla ya kuchora: huyu anakuja kufanya nini?

Wakati huo nilisoma jinsi Jordan Mechner wa Marekani alivyotengeneza Prince of Persia, gemu ya kompyuta ya Apple II iliyotoka mwaka 1989. Alimrekodi mdogo wake kwa video akikimbia na kuruka, kisha akafuatisha mwendo ule picha kwa picha. Alipotaka kuongeza adui, kumbukumbu ya mashine haikuwa na nafasi. Akachukua picha zilezile za shujaa, akazisogeza kidogo na kuzipandanisha, akapata kiumbe cha kivuli. Shujaa akawa anakabiliana na nafsi yake, na hapo ndipo hadithi ilipopata uzito.

Kwenye gemu yangu nilikuwa na mama mmoja wa samaki. Alfajiri anapanda na ndoo tupu kwenda soko la samaki la Feri. Badala ya kuchora abiria mwingine wa kurudi, nilimrudisha yeye, ndoo imejaa, na siti ya jirani haikaliki. Wachezaji wakaanza kumsubiri.

Maelekezo ya gemu nayo niliyafuta. Makonda wa Dar hudai nauli kwa kuchezesha sarafu mkononi, na kila abiria anaijua sauti hiyo. Kijana wa jirani aliposhika simu yenye gemu, aligusa kiganja cha konda, sarafu zikalia, abiria wakaingiza mikono mifukoni. Hakuuliza kitu. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nikitazama kidole chake tu. Katika kazi yote ya kadi na vipeperushi sikuwahi kumtazama mtu akitumia nilichokisanifu.

Tangu hapo siletewi kazi, hata iwe tiketi ya tamasha, bila kutaka kujua itashikwa na nani, wapi, na atafanya nayo nini. Ndiyo maana vijana wanaojifunza usanifu kwangu huwaambia watengeneze gemu moja ndogo, kila mtu yake, na waifikishe mwisho. Anayebeba mwenyewe gharama ya kila uamuzi hujifunza upesi kipi cha kuacha.