Mnara wa mjomba na uzio wa jirani

Leo tuache siasa kidogo, tuongee kuhusu minara. Sio ile ya kampuni za simu. Naongelea minara ya watu binafsi, inayosimamishwa nyuma ya nyumba na wapenzi wa redio.

Kwa asiyejua, redio ya ridhaa ni mtu wa kawaida kupata leseni, kufunga mtambo nyumbani na kuongea na wenzake duniani bila biashara yoyote. Kila mmoja ana jina lake la hewani. Ukisikia linaloanza na 5H ujue ni Tanzania, 5Z ni Kenya. Marekani wenye leseni ni zaidi ya laki saba, na mmoja wao ni mjomba wangu, anayeishi katika mji mdogo huko Ohio.

Mjomba anataka mnara wa futi 50, kama mita 15 hivi. Mji umemkatalia. Kanuni yao inasema mnara ukae mbali na mpaka wa kiwanja kwa umbali usiopungua urefu wake, ili ukianguka uangukie kwako mwenyewe. Inaonekana ni haki tupu. Nani anataka chuma cha jirani kitue kwenye kitanda cha mwanawe?

Lakini piga hesabu. Kiwanja cha mjomba kina upana wa futi 60. Mnara wa futi 50 unadai futi 50 kushoto na 50 kulia, jumla 100. Anachoruhusiwa ni futi 30 tu, tena kwa sharti ausimamishe katikati kabisa. Kanuni haijasema "marufuku", ila kwa mwenye kiwanja kidogo maana yake ni hiyo hiyo. Mwenye shamba hana shida.

Na urefu sio mbwembwe. Kwenye masafa ya megahezi 14, wimbi moja lina urefu wa kama mita 21. Antena iliyolazwa karibu na ardhi hurusha nguvu nyingi juu angani. Ukiiinua, mawimbi hutoka chini chini kuelekea upeo wa macho, yakadunda kwenye tabaka la juu la anga na kufika mbali. Mwaka 2017, kimbunga Maria kilipoizimisha mitandao ya simu Puerto Rico, wajitoleaji wa redio za ridhaa walipelekwa huko kusaidia mawasiliano.

Serikali kuu ya Marekani iliuona mvutano huu zamani. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano, FCC, ilitoa uamuzi unaoitwa PRB-1: miji inaweza kuweka kanuni za usalama na mandhari, lakini lazima iwape watu wa redio nafasi ya kuridhisha, na kanuni isizidi kile kinachohitajika kweli. Uamuzi huo haukugusa mikataba ya hiari, kwa hiyo ukinunua nyumba kwenye mtaa ambao mkataba wake unakataza antena, shauri yako. Minara inayozidi futi 200 ina mwenyewe mwingine: lazima mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, ipewe taarifa.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua. Oktoba 2009, huko Palm Bay, Florida, watu watatu wa familia moja, baba, mama na kijana wao, walikufa wakisimamisha antena ya redio. Iligusa waya wa umeme. Haikumwangukia jirani yeyote.

Ndipo nikampigia mjomba. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamuuliza: nyaya za umeme zinapita wapi?

Akanyamaza kidogo. "Nyuma ya uzio. Futi 35 hivi."

Ushauri wa watu wa redio wenyewe ni kwamba mlingoti ukianguka upande wowote, ubaki na angalau futi 10 kabla ya kufikia waya. Kwa mnara wa futi 50, hiyo ni futi 60. Nikamuuliza kama mji ulimuuliza swali hilo. Hapana. Walipima uzio tu.

Mjomba bado anakata rufaa, na namuunga mkono. Ila amehamishia mchoro upande wa barabara, mbali na nyaya, na safari hii amepeleka hesabu za mhandisi kuhusu msingi, upepo na ethi ya radi. Ndivyo kanuni nzuri ingedai: msingi una kina gani, unahimili upepo gani, waya wa umeme uko wapi, nani anapanda na amejifunga mkanda?

Jirani ana haki ya kulala bila hofu. Lakini futi za kwenye karatasi hazimlindi anayeshika chuma mkononi, na huyo ndiye wa kwanza kufa. Kanuni isiyomuona huyo, mimi siiiti ya usalama.