Safu Niliyosahau Kuchora

Mdogo wangu alikuwa mrefu kabla hajawa na akili ya kuutumia urefu wake. Hapa Mpemba ukiwa mrefu unapewa kazi mbili: kufunga maturubai kwenye malori na kucheza mpira wa kikapu. Yeye alianza na hiyo ya pili. Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi, na ringi ilikuwa chuma kilichochomelewa na fundi wa barabarani. Mwezi wa sita baridi inakata vidole, na ng'ambo ya uwanja foleni ya malori ya kwenda Tunduma imesimama tu.

Mimi nilikuwa likizo, na nilikuwa na daftari. Kipindi hicho ndiyo nimegundua takwimu, basi kila kitu nilitaka kukihesabu. Kwa kila mrusho wa dogo niliweka nukta kwenye mchoro wa uwanja. Ukiingia, naizungushia duara, halafu naandika kwenye safu moja kati ya mbili: "kaletewa" au "kajitafutia". Maana yake ni hii: je, alipasiwa mpira akiwa tayari chini ya ringi, akamalizia tu, au alianza mbali, akamgeuza mtu, akajitengenezea nafasi mwenyewe?

Wazo halikuwa langu. NBA nako kila kikapu kinachofungwa huandikwa kama kimetokana na pasi au la. Na kwa wachezaji warefu, safu hiyo inasema mambo ambayo asilimia peke yake inayaficha. Chukua Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, aliyechaguliwa wa 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden wa 3 na Stephen Curry wa 7. Msimu wake wa kwanza aliingiza asilimia 58.8 ya mirusho yake. Sasa mtazame Nikola Jokić msimu wa 2021/22, alipotangazwa mchezaji bora wa ligi: asilimia 58.3. Ukiishia hapo utasema wanalingana, tena wetu kamzidi kidogo! Lakini Thabeet alikuwa akirusha kama mara mbili tu kwa mchezo na kupata pointi 3.1. Jokić alikuwa akipata 27.1 na kuwatengenezea wenzake vikapu karibu 8. Mmoja anasubiri mpira umfikie, mwingine mpira unaanzia kwake.

Basi msimu wetu ulipoisha, kocha akaniomba nimwandikie chochote nilichokiona. Nikahesabu. Vikapu 19, kaletewa 17, kajitafutia 2. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, tena nikajisikia msomi: "Ni mmaliziaji, si mtengenezaji. Asichezee mpira mbali na ringi."

Kocha aliniamini kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo dogo akasimamishwa chini ya ringi, mikono juu, kama mtu anayeanua nguo. Akizubaa na mpira pembeni anapigiwa filimbi. Mwaka uliofuata akaacha. Hakuna aliyegombana na mtu. Siku moja hakuja, na ya pili hakuja.

Daftari nimelikuta juzi, chini ya sanduku la mama. Nikahesabu upya, safari hii nukta zote, siyo zile zenye duara tu. Mbali na ringi kulikuwa na nukta 4. Nne, msimu mzima! Kati ya hizo, mbili zina duara.

Nilikaa chini. Sisemi kwamba mbili kati ya nne zinathibitisha kipaji. Mirusho minne haithibitishi kitu. Ndiyo shida yenyewe. Mimi nilithibitisha. Nilimhukumu kwa jambo ambalo karibu hakuruhusiwa kulijaribu, halafu hukumu yangu ikawa sababu ya kutoruhusiwa tena. Safu yangu ilikuwa inapima kazi aliyopewa. Mimi nikaisoma kama uwezo wake.

Thabeet naye sitaki kumtetea kwa lazima. Alipata michezo 224 katika ligi ile, na tulichokiona tulikiona. Ila nikisoma namba zake siku hizi najikumbusha kwamba zinajibu swali moja: alifanya nini pale alipowekwa? Sisi tunaosoma sana tuna ugonjwa wa kugeuza jibu hilo kuwa wasifu wa mtu.

Mdogo wangu sasa ni utingo. Jumamosi lori lao lilikwama kwenye foleni hapo juu, nikampelekea chai na chapati. Nikamwonyesha daftari, nikamweleza yote, nikaomba radhi. Akaligeuza geuza, mikono ina grisi.

"Kaka, mbona hujaandika nilivyokuwa naomba?"

"Kuomba nini?"

"Mpira. Pale katikati. Nilikuwa nanyoosha mkono kila mara, ukiniangalia."

Ni kweli, nilikuwa nikimwangalia. Nikakumbuka hata ule mkono. Sikuwa na safu ya kuuweka.

Foleni ikasogea. Akanirudishia daftari likiwa na alama ya dole gumba, akapanda, na kabla ya kufunga mlango akauliza kama ile ringi bado ipo.

Ipo. Imepinda kidogo.