Mzungu wa Sketi na Meli Iliyofika Kagunga

UKITAKA kwenda Kagunga, sahau habari ya basi. Unashuka Kibirizi, pembeni ya mji wa Kigoma, unapanda boti la mbao pamoja na magunia, kuku na akina mama wa sokoni, halafu unamwomba Mungu ziwa litulie. Kulia kwako milima ya Gombe, kushoto maji matupu mpaka Kongo.

Mimi mtoto wa mjini nilishika ubao kwa mikono miwili. Mama mmoja muuza dagaa akanicheka kweli kweli.

"Mwanangu, hilo bado siyo wimbi. Hilo linakusalimia tu."

Basi, ili nisahau woga, nikaanza kumwaza jamaa mmoja aliyetoka mbali kuliko sisi sote botini. Anaitwa Geoffrey Spicer-Simson, mzaliwa wa Hobart, kisiwa cha Tasmania, Australia, mwaka 1876. Akiwa kijana mdogo aliingia jeshi la majini la Uingereza, na vita vikaja kumtupa kwenye maji haya haya.

Mwaka 1915 wababe wa Ziwa Tanganyika walikuwa Wajerumani. Waingereza wakamtuma Spicer-Simson na boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kila moja urefu kama mita 12. Zikaja kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Kongo, kisha zikaburutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na jasho la Waafrika ambao leo hatuwajui hata kwa majina.

Jamaa mwenyewe alikuwa kituko. Mwilini alijichora nyoka, na mbele ya wanajeshi wake alikuwa akivaa sketi! Lakini kazi aliifanya. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Kesho yake ndipo kimbembe kilipoanza. Likatokea dude lenyewe, Graf von Götzen, urefu kama mita 70. Liliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, likafunguliwa vipande vipande, likaletwa Dar es Salaam kisha kwa treni mpaka Kigoma, na kuingizwa majini mwaka 1915. Watu wake wakataka kulifuata. Shujaa wetu wa sketi akagoma!

Mwisho wa yote, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Wajanja, kwanza walizipaka injini grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Ndiyo Liemba hiyo, msomaji wangu.

Tukafika Kagunga. Ni ukanda mwembamba wa mchanga, mlima nyuma, ziwa mbele, na Burundi hapo hapo jirani. Yule mama akanionyesha ufuko kwa kidole.

"Mwaka 2015 hapa usingepata pa kukanyaga, mwanangu."

Mei mwaka huo machafuko ya Burundi yaliwamwaga hapa makumi ya maelfu ya watu. Maji safi hakuna, vyoo hakuna. Kipindupindu kikalipuka, watu wakafa. Njia ya kutoka ni mbili tu: kupanda mlima kwa miguu, au ziwa. Sasa mgonjwa na mtoto mchanga watapanda mlima gani?

Ndipo ilipokuja Liemba. Kwa kuwa haikuweza kusogea ufukweni, watu walipelekwa kwa mitumbwi, wakapandishwa kama 600 kwa safari moja, mpaka Kigoma, halafu kambi ya Nyarugusu. Meli iliyoletwa ziwani wakati wa vita, uzeeni ikawa inaokoa waliokimbia vita.

Spicer-Simson alipewa nishani na akafia Kanada mwaka 1947. Vitabu vinamsifu kwa meli alizozishinda. Pale Kagunga hakuna aliyenitajia jina lake, ila ile aliyoikwepa wanaijua wote.

Nawe ukienda, wahi boti la mapema. Na wimbi likikusalimia, itikia tu.