Uyoga wa Miyombo

Tabora, 19 Oktoba

Mvua bado, lakini miyombo imeshachipua. Ukipita barabara ya Sikonge asubuhi utaona msitu mwekundu, udhani majani yanakauka, kumbe ndiyo kwanza yanatoka. Uyoga hakuna. Tumeona nyayo za pongo kando ya bwawa, na mlembe alituita mti hadi mti akitaka tumfuate kwenye asali. Hatukuwa na shoka wala moto, akachoka nasi. Bibi kaniambia, "Rudi ikishanyesha ya kweli, mjukuu wangu. Hii ya mawingu inakudanganya."

24 Novemba

Imenyesha ya kweli. Juzi usiku kumbikumbi walijaa taani hadi tukazima. Leo tumeingia msituni mapema.

Pembeni mwa kichuguu tumeukuta mweupe, kofia ina chuchu katikati. Bibi hang'oi, anachimbua taratibu kwa kijiti, maana shina linazama mbali, hadi kwenye vyumba vya mchwa. Wakulima ni mchwa wenyewe: wanabeba majani makavu na vijiti, kuvu inavilainisha, nao wanakula. Sisi tunaokota kilichochungulia nje. Upo wa jamii hii huko Zambia ambao kofia yake hufika upana wa mita moja. Wetu ulienea kiganjani, na ulitosha.

Mbele kidogo, chini ya miyombo, ule wa njano. Geuza kofia: hauna vibamba vyembamba, una mikunjo minene inayoteremka hadi kwenye shina. Huu hauoti popote tu. Nyuzi zake zimevisha mizizi ya mti. Zinaupa maji na madini, mti unalipa sukari. Bibi hajasoma hayo, ila anatazama mti kwanza, ndipo anainama.

Tumetumia kikapu. Uyoga ukifungiwa kwenye nailoni unatoa jasho na kuharibika kabla hujafika nyumbani.

25 Novemba

Tumeupika kwa karanga, ugali wa muhogo pembeni. Sioni nyama ya kushindana nao.

Jirani kaleta mweupe mkubwa alioukuta uani, kwenye majani. Bibi kauvunja: vibamba vya chini vimeanza kuwa vya kijani. Kautupa shimoni. Huo unatapisha na kuharisha vibaya. "Mbona konokono ameula?" kauliza jirani. Konokono si kipimo, na kuna sumu za uyoga ambazo haziishi hata uchemshe kutwa. Usioujua, uache.

Kuna wanaosema tusihangaike, tupande wetu. Uyoga mamama sawa, unaota kwenye pamba na mabua. Huu wa njano haupandwi. Unataka mti wake ukiwa hai. Jana wakati wa kurudi tulipita palipokatwa kuni za kukaushia tumbaku. Visiki vitupu, na mvua ni ileile. Hatukuokota hata mmoja.