Duka Lilipotoka Kichwani mwa Baba

Ukifika leo dukani kwetu Morogoro ukauliza nondo za milimita 12 zimebaki ngapi, atakayekujibu ni binti wa kaunta ambaye hata mwaka hajamaliza nasi. Atakutajia idadi, bei, na kiwango ambacho ukikifikia unapunguziwa. Hatanipigia simu, wala hatakwenda stoo kufunua turubai. Kwa wenye maduka makubwa huenda hilo ni jambo dogo. Kwetu ni neema, na ninalishuhudia kwa moyo wote kwa sababu naijua hali tuliyotoka.

Kwa miaka mingi duka letu la vifaa vya ujenzi lilikuwa Baba. Yeye ndiye aliyejua bawaba za inchi 4 ziko nyuma ya makopo gani ya rangi. Yeye ndiye aliyekumbuka mabati ya geji 30 yaliyoingia kabla bei haijapanda, na mteja gani auziwe kwa bei ya zamani. Daftari la kaunta liliandikwa mauzo tu: "misumari 12,000", bila kusema ya inchi ngapi wala kilo ngapi. Halikuwa na haja ya kusema, kwani aliyeliandika alikuwa palepale kulieleza. Kisha kiharusi kikampiga. Mwili ulipata nafuu kidogo kidogo, lakini maneno yalichelewa sana kurudi. Mafundi walikuja wakiuliza "ile valvu aliyonipa Mzee mara ya mwisho", sisi tukabaki kutazamana, na wao wakavuka barabara kwenda duka la pili.

Ndugu walishauri tununue programu ya mahesabu. Tukamwita mhasibu kijana anayewafanyia kazi wafanyabiashara kadhaa wa mjini. Aliweka QuickBooks kwenye kompyuta, akafungua sehemu ya bidhaa, ikawa haina kitu. Nilitegemea aanze kuandika. Badala yake akasimama akaniambia, "Dada, kompyuta iache kwanza. Twende kwenye rafu."

Kazi yote ilikuwa pale kwenye rafu. Programu haijui chochote kuhusu duka lako hadi uiambie, na inachouliza kuhusu kila bidhaa ndicho ambacho duka la mtu mmoja halijawahi kulazimika kukijibu: jina lake hasa ni lipi, inauzwa kwa kipimo gani, imekugharimu kiasi gani, ipo ngapi leo.

Tulianza na majina. Tulikubaliana jina litangulize aina, lifuate saizi, mwisho chapa, ili mtu akiandika "elibo" azione elibo zote kwa mpangilio, kutoka nusu inchi hadi inchi 4. Kitu kimoja kiwe na jina moja tu, vinginevyo mwingine ataandika "elibo" na mwingine "kona", na stoku ya kitu kilekile itagawanyika mara mbili. Tulimleta Baba, akakaa kwenye stuli katikati ya stoo. Kijana wetu wa stoo alinyanyua kila kitu akakitaja, Baba akaitikia kwa kichwa. Kijana akashika koki moja akasema ya nusu inchi. Baba akakataa. Akanyoosha vidole vitatu, halafu vinne. Robo tatu. Tulipoipima, ilikuwa robo tatu kweli. Kuanzia hapo nilielewa kwamba kazi hii haimwondoi Baba dukani. Tulikuwa tunayapokea aliyoyajua, moja baada ya jingine, yeye mwenyewe akiwepo.

Vipimo ndivyo vilivyotuchukulia muda mrefu. Misumari tunainunua kwa kasha na kuiuza kwa kilo. Waya wa umeme unaingia kwa roli na kutoka kwa mita. Bomba ni la mita 6, lakini mteja anaweza kutaka nusu yake. Kanuni tuliyofuata ni kusajili bidhaa kwa kipimo kidogo kabisa unachokubali kuuzia: misumari kwa kilo, waya kwa mita. Kasha likiingia, tunaingiza kilo zake. Rangi ya ndoo ya lita 20 na ile ya galoni ya lita 4 ni bidhaa mbili, hata kama ni rangi ileile ya kiwanda kilekile, maana hatufungui ndoo kujaza galoni.

Halafu kuna aina ya bidhaa, na hapa naomba msomaji awe makini. Programu inatenganisha kitu kinachohesabiwa stoo, kitu kinachonunuliwa bila kuhesabiwa, na huduma. Saruji inahesabiwa. Mifuko ya kufungashia haihesabiwi. Kumpelekea mteja mzigo nyumbani ni huduma, haina stoku. Katika toleo la kompyuta tunalotumia sisi, kitu ukishakisajili kuwa cha kuhesabiwa huwezi kukibadilisha aina tena. Amua kabla hujabonyeza.

Bei ya kununulia ndiyo iliyonifumbua macho kuliko yote. Chukua mfano rahisi. Lori la tani 15 linabeba mifuko 300 ya saruji ya kilo 50. Tuseme kila mfuko umenunuliwa 15,000, lori kutoka Dar kupitia Chalinze limelipwa 300,000, na vibarua wa kushusha 60,000. Mfuko mmoja ukiwa stoo haukugharimu 15,000. Umekugharimu 16,200. Ukiuuza 17,000 unaona faida ya 2,000 mkononi, kumbe ni 800. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinasema hivyohivyo: usafiri na ushushaji wa kuifikisha bidhaa mahali pake ni sehemu ya gharama yake. VAT unayoweza kuidai haiingii humo, kama ambavyo VAT unayomtoza mteja si mauzo yako. Kitasa cha 23,600 kina mauzo ya 20,000 tu. Hizo 3,600, asilimia 18, ni za serikali.

Bei zinapobadilika, toleo letu hukokotoa wastani. Nondo 100 za 20,000 zikikutana stoo na nondo 100 za 22,000, kila moja inahesabiwa 21,000. Toleo la intaneti la programu hiyohiyo hufuata utaratibu mwingine: kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Taratibu zote mbili zinakubalika. Muhimu ni kujua upi unatumika kwako.

Siku ya kuhesabu mali tulifunga milango. Mhasibu alisisitiza kila kitu kihesabiwe siku ileile, mauzo yakiwa yamesimama, na akatueleza kwamba agizo hilo ni la zamani mno. Mwaka 1494, kule Venice, mtawa Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hisabati chenye sehemu ya utunzaji wa hesabu za biashara, na jambo la kwanza alilomtaka mfanyabiashara afanye ni kuorodhesha mali yake yote, kwa siku moja. Idadi tulizopata tulizidisha kwa gharama, jumla ikaingia upande mmoja kama mali na upande mwingine kama mtaji. Baba alitazama ile jumla kwenye skrini kwa muda mrefu. Akaniambia, kwa shida lakini kwa sauti ya kusikika, "Mama, ni nyingi." Alikuwa hajawahi kuiona namba hiyo maisha yake yote.

Tangu siku hiyo tumejifunza mambo ambayo hata Baba hakuyajua. Saruji, tuliyoamini ndiyo inayotulisha, inaleta fedha nyingi na faida kidogo. Kinachobeba duka ni viungio vya bomba na vifaa vya umeme, vitu vidogo vya shilingi mia kadhaa. Hatujaacha saruji, kwa sababu anayejenga huifuata hiyo kwanza kisha ndipo anunue mengine. Ila hatukopi tena fedha ili kujaza stoo saruji. Tuliona pia mtaji uliolala: vitasa na mabomba ya bafuni ya mitindo ambayo hakuna fundi anayeitaka tena. Tuliviuza kwa bei ya hasara, fedha zake zikanunua waya.

Wafanyakazi nao wamepumua. Zamani kikipungua kitu, lawama iliwazunguka wote, na vijana wazuri waliondoka kwa uchungu. Sasa tunahesabu rafu chache kila wiki, na ikitokea tofauti tunajua ni bidhaa ipi na tangu lini. Mara nyingi jibu ni kwamba mzigo uliingia ila ankara haikuingizwa. Hilo tunalifuatilia kwa ukali, kwa sababu ukiuza kitu ambacho programu haijui kimeingia, idadi inashuka chini ya sifuri na hesabu ya gharama inapotoka. Umeme ukikatika tunaandika kwenye daftari na kuingiza jioni ileile, siyo kesho. Risiti za mashine ya kodi (EFD) nazo zinabeba majina yaleyale yaliyo kwenye programu, kwa hiyo mwisho wa mwezi mhasibu hababaiki kulinganisha.

Baba anakuja dukani siku nyingi, anaongea vizuri zaidi, na bado mafundi wanamtaka ushauri.

Ndugu yangu mwenye duka, kama bei na idadi za bidhaa zako bado zimo kichwani mwa mtu mmoja, awe mzazi wako, mwenzi wako au wewe mwenyewe, usianze kwa kununua programu. Chukua daftari, keti naye wiki hii angali ana afya na kumbukumbu, mpite rafu kwa rafu, na kila kitu kiandikeni jina, kipimo na gharama yake.